Ekari 155 za ubishi

*Gofu ilikoma Park Hill mwaka 2018. Jiji la Denver lilibishana kwa miaka saba juu ya kile kitakachofuata, na mchezo wenyewe haukutajwa sana.*

Treni inayotoka uwanja wa ndege wa Denver, Marekani, kwenda katikati ya jiji husimama kwenye kituo kiitwacho 40th & Colorado. Kwa miaka kadhaa abiria aliyeshuka hapo na kugeuza uso kusini aliona jambo lisiloeleweka upesi. Jiji linalolia uhaba wa nyumba lilikuwa na pori ndani yake: nyasi zilizokauka, magugu, miti mikubwa iliyosimama kwa mistari, na uzio.

Ule ulikuwa uwanja wa gofu wa Park Hill. Ukubwa wake ni ekari 155, yaani kama hekta 63. Viwanja vya mpira wa miguu zaidi ya 80 vingeenea humo.

Julai 2019, miezi michache baada ya mchezo kukoma, kampuni ya kuendeleza ardhi ya Westside Investment Partners iliununua kwa dola milioni 24. Haikuununua ili gofu irudi. Ilitaka kujenga, na ilijua fika kwamba ardhi ile imefungwa kwa sharti la kisheria linalozuia ujenzi. Ilikuwa kamari ya wazi: huenda siku moja jiji likakubali kulifungua sharti hilo.

Gawanya dola milioni 24 kwa ekari 155, unapata kama dola 155,000 kwa ekari. Katika jiji kubwa linalokua, kando ya kituo cha treni, hiyo ni bei ya ardhi iliyofungwa. Ikifunguliwa, bei huwa nyingine kabisa. Ubishi wote utakaosimuliwa hapa, pamoja na kampeni na kura zake, ulikuwa ndani ya tofauti ya bei hizo mbili.

Yatima, ng'ombe na gofu

George W. Clayton alizaliwa Philadelphia na kuchumia Denver, mji ulioibuka kwa habari za dhahabu katikati ya karne ya 19. Alipofariki mwaka 1899, wosia wake uliweka sehemu kubwa ya mali katika wakfu wa kujenga na kuendesha shule ya bweni kwa watoto yatima. Mfano aliouiga ni Girard College ya Philadelphia. Msimamizi wa wakfu akawa jiji la Denver.

Wosia ulisema pia ni yatima gani: maskini, wa kiume, na weupe. Shule ilifunguliwa mwaka 1911 kwa masharti hayo. Sharti la rangi liliondolewa baadaye, na taasisi hiyo leo inaitwa Clayton Early Learning, inayolea na kufundisha watoto wadogo wa familia zenye kipato kidogo. Wengi wao ni watoto ambao mwenyewe Clayton asingewapokea mlangoni.

Upande wa pili wa barabara kubwa ya Colorado Boulevard, wakfu ulikuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1931, huku mdororo wa uchumi ukizidi kubana, shamba likageuzwa uwanja wa gofu. Wakfu ulihitaji chumo la kulisha watoto, na gofu ikakamuliwa mahali pa ng'ombe.

Jina la biashara hiyo lilikuwa Park Hill Golf Club, lakini neno "klabu" lisimpoteze msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, ambaye akisikia gofu huwaza Muthaiga au Gymkhana, kadi ya uanachama na mlinzi langoni. Park Hill haikuwa hivyo. Ulikuwa uwanja wa umma kwa maana ya kwamba yeyote mwenye ada ya siku alicheza. Kwa karibu miaka 90 fundi, mwalimu, mstaafu na karani walipishana humo.

Ramani ya uwanja

Mipaka yake ni rahisi kuishika. Magharibi ni Colorado Boulevard. Kusini ni Barabara ya 35, ambako ndiko lilikokuwa jengo la klabu. Mashariki ni Mtaa wa Dahlia. Kaskazini ni Barabara ya 40, na nyuma yake reli na maghala.

Ndani ya mipaka hiyo kulipangwa mashimo 18 pamoja na sehemu ya mazoezi ya kupiga. Asiyeijua gofu aelewe kwamba "shimo" si tundu peke yake. Ni safari nzima: mahali pa kuanzia kupiga, ukanda mrefu wa nyasi zilizokatwa fupi, mitego ya mchanga hapa na pale, na mwishoni kile kiwanja kidogo chenye nyasi laini kama zulia ambamo tundu lenyewe limechimbwa na bendera imesimikwa. Safari 18 za namna hiyo zikilazwa ubavu kwa ubavu ndipo uwanja unapozaliwa.

Ardhi ya Park Hill ni tambarare. Hakuna korongo la kuruka wala kilima cha kuficha shimo, na viwanja vya namna hiyo humtegemea sana mti. Mistari ya miti kati ya ukanda na ukanda huzuia mpira wa huyu usimvunje kichwa yule, humwonyesha mchezaji pa kupita na kumwadhibu anayepotoka. Faida nyingine ya ubapa huo ni macho: siku ya anga safi, magharibi huonekana majengo marefu ya katikati ya mji, na nyuma yake Milima ya Rocky.

Denver iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mpira huenda mbali kuliko pwani, pengine kwa asilimia sita hadi kumi. Wageni hufurahia sana jambo hilo siku ya kwanza. Siku ya pili huanza kuipitisha mipira juu ya shimo.

> Kila mti uliosimama pale ulipandwa na mtu, na kila mti ulinyweshwa.

Jambo lililokuja kuwa na uzito zaidi ni maji. Denver hupata mvua ya wastani wa milimita 360 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata kama mara tatu ya hiyo. Mandhari ya asili ya pale ni mbuga ya nyasi fupi, bila miti. Kila mti uliosimama Park Hill ulipandwa na mtu, na kila mti ulinyweshwa kwa mabomba. Biashara ilipofungwa na mabomba kunyamaza, nyasi zilikauka na miti ikaanza kudhoofika. Wapita njia waliona kwa macho yao kwamba "uasili" waliokuwa wakiusifu ulikuwa kazi ya fundi bomba.

Ramani hiyo hiyo ikawa hoja ya kila upande. Aliyetaka bustani alionyesha vivuli, njia za vigari vya gofu zinazosubiri watembea kwa miguu, na nyasi zinazongoja watoto. Aliyetaka nyumba alionyesha ardhi tambarare isiyohitaji kuchongwa, iliyopakana na barabara kuu, na yenye kituo cha treni kwenye kona yake tangu Aprili 2016.

Kisha kuna mafuriko. Kaskazini mashariki mwa Denver maji ya mvua hufuata mikondo ya zamani iliyofukiwa na kujengewa juu. Jiji lilipoanza mradi mkubwa wa kuyaongoza kwenda Mto South Platte, lilitazama viwanja vya gofu kwanza, kwa sababu hapo hakuna nyumba ya kubomoa. City Park, uwanja jirani wa manispaa, ulifungwa mwaka 2017 ukachimbwa upya na kufunguliwa tena 2020. Park Hill nao ulitoa ekari kama 25 za upande wa kaskazini ziwe eneo la kupokea maji kwa muda. Uwanja mmoja ulirudi kwenye gofu. Mwingine, mkataba wa kampuni iliyokuwa ikiuendesha ulipokoma mwishoni mwa 2018, haukurudi.

Na hapa pana kichekesho cha nyakati. Tangu 2006, kila mwaka Marekani ilikuwa inafunga viwanja vingi vya gofu kuliko inavyofungua, na kufungwa kwa Park Hill kulionekana jambo la kawaida. Mwaka mmoja na miezi baadaye likaja janga la korona, watu wakatafuta mchezo wa kuchezwa nje na mbalimbali, na viwanja vilivyobaki vikafurika. Mabomba ya Park Hill yalikuwa yamekwisha fungwa.

Barabara iliyokuwa mpaka

Huwezi kuuelewa ubishi wa Park Hill bila kujua nani aliruhusiwa kuishi wapi.

Colorado Boulevard, barabara ile ya upande wa magharibi wa uwanja, ilikuwa mpaka wa rangi. Hadi katikati ya karne ya 20, Wamarekani Weusi wa Denver walibanwa magharibi yake. Familia zilizoanza kuvuka kwenda mashariki, Park Hill, zilikutana na madalali waliowatisha weupe wauze haraka kabla bei haijaanguka, kisha wakawauzia Weusi kwa bei ya juu. Lakini pia kulikuwa na wakazi, weusi kwa weupe, waliojipanga kupinga mchezo huo, na Park Hill ikapata sifa ya mtaa uliojaribu kuchanganyika kwa makusudi.

Mwaka 1960 mamlaka ya shule ilifungua shule ya msingi ya Barrett hatua chache magharibi mwa Colorado Boulevard, ukubwa wake ukipimwa uwatoshe watoto Weusi wa upande huo wasivuke barabara. Wazazi walikwenda mahakamani. Kesi yao, maarufu kwa jina la Keyes, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 1973. Ilikuwa ya kwanza ya ubaguzi wa shule kuihusu miji ya nje ya Kusini ambayo haikuwahi kuwa na sheria ya wazi ya kutenga watoto.

Kaskazini mashariki mwa Park Hill, mtaa unaopakana na uwanja wa gofu, ukawa wa Weusi kwa wingi. Kwenye Mtaa wa Dahlia kulikuwa na kituo cha maduka kilichochangamka, kisha kikadorora hadi kubomolewa. Mahali pake, mwaka 2016, palifunguliwa kituo cha afya ya akili chenye bustani ya mboga. Duka kubwa la vyakula halikurudi. Kwa wakazi wasio na gari, kupata nyanya na mchicha kwa bei ya haki ni safari.

Kwa hiyo mtu wa huko alipoulizwa, "Unataka nini kwenye uwanja ule?", hakujibu kama mtu anayechagua rangi ya pazia. Alikuwa na orodha ya madeni ya miaka 60.

Karatasi ya dola milioni mbili

Mwaka 1997 meya wa Denver alikuwa Wellington Webb, Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika kiti hicho. Wakfu wa Clayton ulihitaji fedha, na jiji liliogopa kwamba siku moja shida ingewalazimisha wasimamizi kuuza uwanja. Jiji likalipa dola milioni mbili za umma. Halikununua ardhi. Lilinunua haki ya kuzuia ardhi isijengwe.

Wanasheria wa Marekani huliweka sharti kama hilo kwenye hati ya ardhi, likahama na ardhi kutoka kwa mmiliki mmoja hadi mwingine. Mwenye ardhi hubaki mwenye ardhi. Anaweza kuiuza, kuipangisha, kuirithisha. Haki ya kujenga tu ndiyo imetoka mikononi mwake na kukaa kwa mshika sharti, ambaye hapa ni jiji. Sharti la Park Hill lilitaja gofu waziwazi: uwanja wa mashimo 18 unaompokea yeyote anayelipa ada ya siku.

> Umma ulikuwa umekwisha kulipia haki ile. Swali likawa nani ana ruhusa ya kuitoa, na kwa bei gani.

Udhaifu wa mpango huo haukuonekana mapema. Mlinzi wa mlango na mwenye ufunguo walikuwa mtu mmoja. Baraza la jiji linalotaka ardhi ibaki wazi lingelishikilia sharti. Baraza linalotaka kodi na nyumba lingeliachia. Sheria ya jimbo la Colorado nayo ilikazwa mwaka 2019, ikataka mahakama iridhike kwanza kwamba hali imebadilika kiasi kwamba lengo la uhifadhi haliwezekani tena. Wapinzani wa ujenzi waliishika sheria hiyo kwa mikono miwili: gofu kutolipa ni shida ya mfanyabiashara, walisema, ardhi haijapoteza uwezo wake wa kuwa wazi.

"Tunahitaji pa kuishi"

Upande wa ujenzi ulikuwa na hoja zinazogusa mfuko. Sensa ya 2010 iliwakuta Denver watu 600,158. Ile ya 2020 ikawakuta 715,522. Jiji lililoongeza watu zaidi ya 115,000 kwa miaka kumi haliwezi kujidai halijui kwa nini kodi ya pango inapanda. Wanaobanwa ni wale wale siku zote: wenyeji wa kipato kidogo, vijana, na wageni, zikiwamo familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wanaozungumza Kiswahili, ambao wengi wao hujikuta wakisogea mashariki kuelekea Aurora kutafuta nafuu.

Mpango wa Westside, uliopitia mchakato wa upangaji wa jiji, ulitaka kujenga nyumba kati ya 2,500 na 3,200, angalau robo yake zikiwa za bei nafuu. Ungeacha zaidi ya ekari 100 kuwa bustani na maeneo ya wazi. Ungetenga nafasi ya duka la vyakula. Kampuni ilitia saini makubaliano na vikundi vya wakazi ili ahadi hizo zisibaki maneno ya jukwaani, na shirika la Habitat for Humanity la Denver, ambalo kazi yake ni kuwajengea watu nyumba, liliunga mkono.

Meya Michael Hancock, Mweusi wa pili kuliongoza jiji hilo, aliunga mkono pia. Walikuwapo wakazi Weusi wa Park Hill waliosema kwamba kuitunza nyasi kavu mbele ya watu wasio na nyumba ni anasa ya waliokwisha pata zao.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito kuliko wapinzani walivyopenda kukiri.

"Ukiijenga, haitarudi"

Upande wa pili ulijiita Save Open Space Denver. Katika mstari wake wa mbele alikuwa Penfield Tate, mbunge wa zamani wa jimbo, na pamoja naye Webb mwenyewe, meya aliyetia saini ile karatasi ya 1997. Mameya wawili Weusi, jiji moja, misimamo miwili: mwenye kudhani kwamba jamii ya Weusi ya Denver ilisema kwa sauti moja hakuisikiliza.

Walisema kwamba mitaa ya kaskazini mashariki ina joto kali, lami nyingi, barabara kuu ya I-70 pua na mdomo, na upungufu wa miti. Walisema nyumba zinaweza kujengwa kwenye viwanja vingi vya maegesho na maghala matupu, lakini ekari 155 kwa mpigo hazitapatikana tena ndani ya jiji. Walionya kwamba "bei nafuu" hupimwa kwa wastani wa kipato cha eneo zima, na wastani huo ukipanda kwa sababu matajiri wamehamia, unafuu wenyewe unamkimbia maskini wa mtaani.

Lakini hoja yao iliyouma zaidi ilikuwa ile ya hesabu. Kampuni ilinunua ardhi kwa bei ya kitu kisichojengeka. Jiji likiachia sharti, ardhi ile ile inakuwa na thamani mara nyingi zaidi asubuhi inayofuata, kabla tofali moja halijawekwa. Faida hiyo haikutokana na jasho la kampuni. Ilikuwa ndani ya haki ambayo walipa kodi waliilipia mwaka 1997. Nyumba za bei nafuu, bustani na duka, vyote vilivyoahidiwa, vilikuwa malipo ya kuirudishia kampuni haki hiyo. Wakasema malipo hayatoshi.

Mimi naona hapo ndipo walipokuwa sahihi kabisa, hata pale walipokosea kuhusu nyumba. Jiji linalotaka kuuza mali ya umma liseme linauza, litaje bei, na liwaulize wenye mali.

Wenye mali wakaulizwa

Novemba 2021 maswali mawili yaliwekwa kwenye karatasi ya kura. La kwanza, namba 301, lilitaka ujenzi wa nyumba au biashara kwenye ardhi iliyolindwa kwa sharti kama lile usifanyike bila kura ya jiji zima. La pili, namba 302, lililotoka upande wa kampuni, lilieleza maana ya sharti la uhifadhi kwa namna ambayo Park Hill ingetoka nje ya ulinzi. Wapiga kura walilipitisha la kwanza, karibu wawili kwa kila watatu, na kulikataa la pili.

Aprili 4, 2023 likaja swali lenyewe, namba 2O: sharti liondolewe au libaki? Upande wa "ndiyo" ulitumia fedha nyingi kuliko wapinzani wake kwa mbali, matangazo yakajaa picha za nyumba na miti. Wapiga kura takriban asilimia 59 walisema hapana.

Walisema hapana kwa sababu zisizofanana. Wapo waliopenda miti. Wapo waliochukia makampuni ya ujenzi kwa jumla, na wapo wenye nyumba nzuri jirani waliotaka mtaa ubaki ulivyo, ingawa hawa ndio walioongea kidogo hadharani. Kura haina safu ya kuandika sababu.

Baada ya kushindwa, kampuni ilirudi kwenye maneno ya sharti: kama ni gofu tu ndiyo inayoruhusiwa, basi ni gofu. Uzio ukabaki. Ushindi wa wapinzani ulikuwa wa ajabu kwa kuwa walioshinda hawakuweza kuingia walimoshindia. Ardhi ilikuwa wazi kwa ndege na kwa sheria, si kwa watu.

Kubadilishana

Siku ile ile ya kura ya 2O, Denver ilikuwa pia inapiga duru ya kwanza ya kumtafuta mrithi wa Hancock. Mshindi, Mike Johnston, alikuta faili mezani.

Januari 2025 alitangaza suluhisho ambalo wengi walijiuliza kwa nini halikufikiriwa mapema. Jiji lilikuwa na ekari 145 za ardhi ya viwanda katika Kaunti ya Adams, karibu na uwanja wa ndege. Kampuni ingechukua hiyo. Jiji lingechukua Park Hill yote. Ardhi kwa ardhi, bila jiji kulipa bei ya ununuzi kwa fedha taslimu. Ofisi ya meya ililiita tukio hilo ununuzi mkubwa kuliko wote wa ardhi binafsi kwa ajili ya bustani moja katika historia ya jiji. Baraza liliidhinisha mwaka huo huo, na kufikia mwishoni mwa 2025 watu waliruhusiwa kuingia na kutembea.

> Ekari 145 za karibu na uwanja wa ndege zilikuwa mali ya umma pia, na hazikupigiwa kampeni na mtu.

Mpango huo ulipokewa kwa makofi mengi kuliko ukaguzi. Ekari 145 zilizotolewa zilikuwa mali ya umma pia. Hazina mti wala kumbukumbu, kwa hiyo hazikupata kundi la kuzitetea. Kampuni haikuondoka mikono mitupu. Hata hivyo, ukilinganisha na mwaka 2023, kuna tofauti ya maana: safari hii kilichotolewa na kilichopokewa vilitajwa kwa ekari, na kila mmoja aliweza kuvitazama kwenye ramani.

Gharama haikuishia kwenye kubadilishana. Novemba 2025 wapiga kura wa Denver waliidhinisha mkopo wa hatifungani wa karibu dola milioni 950 kwa miradi ya jiji, na ndani yake kulikuwa na dola milioni 70 za kuanza kuijenga bustani ya Park Hill. Ukilinganisha na zile dola milioni mbili za 1997, unaona bei ya kulinda ardhi na bei ya kuitumia ni vitu viwili tofauti.

Wabunifu sasa wana mistari ya miti ya kuokoa, mingine ikiwa imezeeka na kukaa na kiu miaka mingi. Wana ekari za kupokea maji ambazo haziwezi kujengewa kitu cha maana. Wana majirani wanaotaka viwanja vya mpira, wengine wanaotaka mbuga ya nyasi za asili isiyokunywa maji mengi, na wengine wanaotaka tu pa kutembea jioni. Ukanda wa mashimo utawasaidia, kwa sababu watu hutembea vizuri pale ambapo watu walikwisha kutembea.

Nyumba zile 2,500 hazikuhamia popote. Hakuna mpango mwingine wa ukubwa huo uliochukua nafasi yake Park Hill. Na katika mambo yote yanayopangwa kufanywa kwa zile dola milioni 70, duka la vyakula la Mtaa wa Dahlia halimo.